Bendi Isiyoitwa Bendi: Kundi la Zawose na Historia ya Muziki wa Kujitegemea Ugogo

1. Utangulizi

Historia ya bendi za Tanzania, kwa sehemu kubwa, imeandikwa kwa kulifuata gitaa. Palipokuwa na gitaa, tarumbeta na ukumbi wa dansi, wanahistoria wametambua kuwa pana bendi, wakaandika jina lake, mwaka wa kuasisiwa kwake, majina ya watunzi wake na ugomvi uliowagawa wanachama wake. Palipokuwa na zeze, ilimba na kayamba, wametambua kuwa pana ngoma. Na ngoma, katika maandishi hayo, haina mwaka wala mtunzi. Ina kabila tu.

Mhadhara huu unahusu kundi moja ambalo mgawanyo huo unalinyima haki yake. Ni kundi lililoongozwa na Hukwe Ubi Zawose, Mgogo wa Doguwe katika Mkoa wa Dodoma, ambalo lilianza ndani ya mpango wa serikali wa kujenga utamaduni wa taifa, likapata santuri zake Ulaya na Japani, kisha likaendelea kama kundi la ukoo hata baada ya kifo cha kiongozi wake tarehe 30 Desemba 2003. Kundi hili lilikuwa na kila kitu kinachoifanya bendi kuwa bendi: kiongozi, mkusanyo wa nyimbo zake, mazoezi, ziara, rekodi na warithi. Hata hivyo, katika orodha za bendi za nchi, halikuwahi kupewa nafasi pamoja na Morogoro Jazz, Tabora Jazz au NUTA Jazz.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kundi la Zawose lilikuwa bendi, tena mojawapo ya bendi zilizojitegemea zaidi katika historia ya muziki wa Tanzania, na kwamba kilichozuia jambo hilo lisionekane ni msamiati. Maneno bendi, kikundi na ngoma yaligawa kazi, malipo na kumbukumbu. Kwa kuwa suala hili ni la maneno kabla ya kuwa la muziki, taaluma ya Kiswahili ina wajibu wa kulijibu.

2. Reli, dansi na swali la mwenye vyombo

Ili kuuelewa uhuru wa kundi la Zawose, ni vema kwanza kuangalia hali ya bendi zilizoitwa bendi katika nyanda za kati. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Ilifuata kwa kiasi kikubwa njia ya zamani ya misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Tabora na Ujiji. Kwa njia hiyo ya misafara Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuingia bara katika karne ya 19. Kwa reli kiliingia tena, safari hii pamoja na makarani, mafundi, askari, santuri na magitaa.

Ndiyo maana miji ya reli ikawa miji ya dansi. Morogoro Jazz iliasisiwa mwaka 1944, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah ikazaliwa katika mji huohuo mwaka 1948. Tabora, mbali zaidi upande wa magharibi, ilikuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz ambamo Shem Karenga alijipatia jina kwa wimbo wake wa Dada Asha. Neno jazz katika majina haya halikuwa na uhusiano mkubwa na muziki wa Wamarekani Weusi ulioitwa hivyo. Lilikuwa neno la heshima ya mjini, kama vile neno klabu lilivyokuwa kwa wachezaji wa mpira.

Bendi hizi zilikuwa na tatizo moja la kudumu, nalo ni vyombo. Magitaa, vikuza sauti, saksafoni na dramu viliagizwa kutoka nje kwa fedha ambazo mwanamuziki wa kawaida hakuwa nazo. Aliyekuwa na vyombo ndiye aliyekuwa na bendi. Mwanzoni mwenye vyombo aliweza kuwa chama cha vijana wa mji au mfanyabiashara mmoja. Baada ya uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wenye vyombo wakubwa wakawa ni taasisi za umma: jumuiya ya wafanyakazi kwa NUTA Jazz, Jeshi la Polisi kwa Polisi Jazz, kiwanda cha nguo kwa Urafiki Jazz. Mwanamuziki alipata mshahara, na hilo halikuwa jambo dogo. Lakini alipoondoka, aliondoka na sauti yake tu; jina la bendi na vyombo vilibaki. Mbaraka Mwinshehe alipoachana na Morogoro Jazz mwaka 1973 ilimbidi kuunda Super Volcano upya, ijapokuwa kwa wasikilizaji wengi Morogoro Jazz na Mbaraka vilikuwa kitu kimoja.

Kwa vijana waliotaka kupiga muziki wa roki na soul, njia ilikuwa finyu zaidi. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Bendi ya Sunburst, iliyoundwa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuchanganya roki na midundo ya Kiafrika, ilitoa albamu yake ya Ave Africa mwaka 1976 baada ya kuhamia Zambia. Nyumbani hapakuwa na mfumo wa kuibeba. Ni dhahiri, basi, kwamba katika kipindi hicho bendi ya gitaa iliyojitegemea kikweli ilikuwa nadra. Ama ilikuwa na mwenye vyombo, ama ilihama.

3. Kutoka Doguwe hadi kikundi cha taifa

Ugogo ni nchi kame. Mvua ni chache na haziaminiki, na kumbukumbu za wakazi wake zina majina ya njaa, ikiwamo ile ya Mtunya ya miaka ya 1917 hadi 1920. Katika karne ya 19 watawala wa Ugogo walijulikana na kila mwenye msafara kwa sababu moja: walidai hongo. Msafara haukupita wala haukuchota maji kabla ya kulipa. Wasafiri wa Kizungu walilalamika sana juu ya desturi hiyo, lakini ilikuwa na mantiki yake. Katika nchi ya maji haba, mgeni anayetaka kunywa hana budi kutambua kwamba kisima kina mwenyewe.

Katika nchi hiyo muziki ulikuwa umepangika kwa namna iliyowastaajabisha wataalamu waliofika baadaye. Wanawake walipiga ngoma za muheme, wakizishika kati ya mapaja. Wanaume walipiga zeze na ilimba. Kulikuwa na nyimbo za nindo na za msunyunho, zilizoimbwa na kundi kwa sauti zilizopangana juu ya nyingine bila kiongozi wa kwaya na bila karatasi. Hugh Tracey alirekodi muziki wa Wagogo mwaka 1950 katika safari yake ya Tanganyika. Gerhard Kubik aliuchunguza katika miaka ya 1960, na baadaye Polo Vallejo wa Hispania akafanya utafiti wa miaka mingi katika kijiji cha Nzali. Wote waliutambua kuwa mfumo wenye kanuni zake, wala si kelele za furaha.

Hukwe Zawose alizaliwa katika mazingira hayo yapata mwaka 1940. Baba yake alikuwa mpigaji, na mtoto alijifunza kwake. Katika miaka ya 1960 habari za uhodari wake zilimfikia Rais Julius Nyerere, akaitwa Dar es Salaam. Wakati huo serikali ilikuwa imekwisha kuunda wizara ya utamaduni, mwaka 1962, na kuanzisha kikundi cha taifa cha ngoma. Fikra iliyoongoza hatua hizo inafahamika: wakoloni walikuwa wamewafundisha Waafrika kuona haya kwa ngoma zao, na taifa huru lilitakiwa kuzirudishia heshima.

Nia hiyo ilikuwa njema na matunda yake yalionekana. Pasipo mwito huo, huenda Zawose angebaki akijulikana katika vijiji vichache vya Dodoma. Lakini heshima iliyotolewa ilikuwa na sharti ambalo halikuandikwa. Ngoma iliyoingia katika kikundi cha taifa iliacha kuwa ya fulani bin fulani ikawa ya taifa. Ilifupishwa ili itoshe katika programu ya dakika chache mbele ya mgeni wa kiserikali. Ilifundishwa kwa wachezaji wa makabila mengine. Ilitangazwa kwa jina la kabila. Mtunzi wa dansi aliyetunga wimbo wa kusifu TANU alitajwa kwa jina redioni. Mpigaji wa ilimba aliyetunga wimbo wa maudhui hayohayo alitangazwa kama ngoma ya Wagogo.

4. Bagamoyo na jina juu ya jalada

Mwaka 1981 Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa, na wasanii waliotoka katika vikundi vya taifa walipata makao mapya huko. Zawose alihamia Bagamoyo na kufanya kazi katika mazingira ya chuo hicho. Historia hapa ina kinyume chake cha kuzingatiwa: mji ambao zamani ulituma misafara kupitia Ugogo sasa ulimpokea Mgogo aliyekuja kufundisha. Ndugu na jamaa walimfuata, na baada ya miaka kadhaa ukoo wa Zawose ukawa na makazi yake Bagamoyo, ambamo watoto walikua wakisikia Chigogo na ilimba umbali wa mamia ya kilometa kutoka Doguwe.

Katika mwongo huo ndipo kundi lilipoanza kuwa na sura ya bendi. Mwaka 1985 kampuni ndogo ya Uingereza, Triple Earth, ilitoa santuri ya Tanzania Yetu. Wapigaji walikuwa watatu: Hukwe Zawose, Dickson Mkwama na Lubeleje Chiute. Walitambulishwa kwa jina la Kiingereza lenye maana ya wanamuziki mabingwa wa Tanzania. Jina hilo bado lilikuwa la taifa, lakini chini yake kulikuwa na majina ya watu. Santuri ya Mateso ilifuata katika miaka ya 1980 kwa kampuni hiyohiyo.

Mwaka 1996 Real World, kampuni iliyoanzishwa na Peter Gabriel huko Uingereza, ilitoa albamu ya Chibite. Kichwa hicho kinastahili uangalifu wa mwanaisimu. Ni kitenzi cha Chigogo chenye maana ya twende: kiambishi chi- kinasimamia nafsi ya kwanza wingi, kama tu- ya Kiswahili; mzizi -bit- una maana ya kwenda; na irabu -e ya mwisho ni ileile inayoonekana katika twende na tuimbe. Mtu anayejua Kiswahili anaweza kuufungua muundo wa neno hili mara moja akionyeshwa, kwa kuwa lugha hizi mbili ni ndugu. Baada ya Tanzania Yetu na Mateso, ambavyo ni vichwa vya Kiswahili, kundi lilijitangaza ulimwenguni kwa neno la nyumbani, na neno hilo baadaye likawa jina la kundi la ukoo lenyewe.

Mwaka 2002 ilitoka Assembly, albamu ambayo Zawose aliitengeneza pamoja na mpigaji gitaa wa Kanada, Michael Brook. Mwaka huohuo Hukwe na mpwa wake Charles Zawose walisafiri Amerika ya Kaskazini wakifungua maonyesho ya Peter Gabriel katika kumbi kubwa ambazo kwa kawaida ni za wapigaji wa roki. Watu wawili wenye zeze na ilimba walitosha kuuteka ukumbi kabla bendi ya magitaa haijapanda jukwaani.

Inafaa kuliuliza swali la uhuru hapa pia. Je, kundi lililorekodiwa na kampuni ya Kiingereza lilikuwa linajitegemea? Jibu ni kwamba halikuwa huru katika kila jambo. Usambazaji, mikataba, majalada na maelezo yaliyoandikwa juu yake yalikuwa mikononi mwa wengine, na maelezo hayo mara nyingine yaliuza habari ya Afrika isiyobadilika. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna taasisi ya umma wala kampuni ya nje iliyoweza kulichukua, nalo ni vyombo.

5. Vyombo na lugha

Zeze la Kigogo hutengenezwa kwa kibuyu au mti, ngozi na nyuzi. Ilimba ni sanduku la mbao lenye ndimi za chuma, ambazo fundi huweza kuziponda kutoka katika misumari au vipande vya chuma vya kawaida. Ilimba kubwa za Zawose zilikuwa na makumi ya ndimi. Nyingine zilipigwa kwa vidole. Nyingine hazikuguswa kabisa, bali zilitetema zenyewe wenzake walipopigwa na kuongeza mwangwi. Juu ya tundu la sanduku hubandikwa utandu mwembamba wa buibui ili kuipa sauti mvumo wake. Chombo hiki hakikuagizwa kutoka ng'ambo wala hakikuhitaji kibali cha fedha za kigeni. Kilipovunjika, aliyekipiga alikitengeneza. Kijana alipotaka kujifunza, alitengenezewa cha kwake.

Hivyo basi, miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980, bidhaa zilipoadimika na bendi za dansi kukosa hata nyuzi za gitaa, kundi la zeze na ilimba halikuwa na sababu ya kusimama. Huo ndio uhuru wake wa kwanza. Aliyeondoka katika kundi aliondoka na chombo chake, na aliyebaki hakubaki mikono mitupu.

Vyombo hivyo vilibeba pia mpangilio wa sauti wa pekee. Uzi mmoja unapotikiswa hutoa sauti moja kubwa na nyingine ndogo juu yake, ziitwazo harmoniki. Kubik na Vallejo wameonyesha kwamba mizani ya sauti ya Wagogo imetokana na mfululizo huo, ikiwamo harmoniki ya saba ambayo haimo katika funguo za piano. Kwa sababu hiyo, muziki huu ukipigwa kwa gitaa la kawaida bila marekebisho hubadilika ladha. Kuupeleka wimbo wa Kigogo kwenye gitaa ni kuutafsiri, na kila tafsiri ina kinachopotea.

Lugha nayo ina mfano huohuo. Chigogo, ambacho wanaisimu wamekiweka katika kundi la G11 la lugha za Kibantu, ni lugha yenye toni. Kiswahili, cha kundi la G40, hakina toni bali mkazo. Katika lugha yenye toni, kupanda na kushuka kwa neno kuna uhusiano na kupanda na kushuka kwa wimbo. Zawose aliimba kwa lugha zote mbili. Alipotaka kusema na taifa alitumia Kiswahili. Sehemu kubwa ya ustadi wa sauti yake, iliyovuka kutoka nzito hadi nyembamba mno katika pumzi moja, ilikuwa imejengwa juu ya Chigogo.

Sera ya lugha ilitoa nafasi moja tu kwa Chigogo katika vyombo vya habari vya taifa. Redio ilitangaza kwa Kiswahili na Kiingereza. Lugha za jamii zilisikika humo zikiimbwa, yaani katika vipindi vya ngoma za asili. Kwa maneno mengine, Chigogo kiliruhusiwa kusikika mradi kisieleweke. Msikilizaji wa Mtwara au Bukoba alifurahia sauti, lakini hakuna aliyemweleza mwimbaji alisema nini wala ni nani aliyekisema.

6. Bendi, kikundi, ngoma

Hapa ndipo msamiati unapopaswa kuchunguzwa. Neno ngoma katika Kiswahili lina maana pana: chombo, uchezaji, sherehe, na katika lugha ya vijana wa leo hata wimbo mpya wa bongo fleva huitwa ngoma. Upana huo ni utajiri. Lakini katika lugha ya ofisi na ya redio neno hilo lilibanwa likawa ngoma ya asili, kisha likafungwa kwa jina la kabila. Neno bendi lilikopwa kutoka Kiingereza likiwa na maana ya watu waliojipanga chini ya jina lao. Kati ya hayo mawili likawekwa neno kikundi, kama katika kikundi cha utamaduni. Kiambishi ki- hapa si lazima kiwe cha kudunisha, lakini matumizi yanaonyesha mwelekeo: watu ishirini wenye magitaa hawaitwi kikundi, na watu ishirini wenye mazeze hawaitwi bendi.

Tofauti hiyo ya majina ilikuwa na matokeo. Aliyekuwa katika bendi aliitwa mwanamuziki. Aliyekuwa katika kikundi aliitwa mcheza ngoma, hata kama hakucheza bali alipiga chombo kilichohitaji miaka kumi kukijua. Wimbo wa bendi ulikuwa na mtunzi. Wimbo wa kikundi ulikuwa urithi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 imetenga sehemu maalumu kwa ajili ya sanaa-jadi, na kinga hiyo ni ya lazima, kwa maana urithi wa jamii usiokuwa na ulinzi huchukuliwa na yeyote. Lakini kinga hiyo haimfai mtunzi aliye hai ikiwa kazi yake mpya inahesabiwa kuwa ya kale kwa sababu tu imepigwa kwa ilimba.

Taaluma ya Kiswahili haikujitenga na mazoea hayo. Nyimbo za dansi na za taarabu zimechambuliwa katika tasnifu na makala nyingi, kwa kuwa ziko katika Kiswahili na watunzi wake wanajulikana. Nyimbo za Zawose zimeachwa kwa wataalamu wa muziki kutoka nje, ambao kwa haki wamezichunguza sauti zake kuliko maneno yake. Matokeo yake ni kwamba yapo maandishi mengi zaidi juu ya mizani ya ilimba, kwa Kiingereza, Kijerumani na Kihispania, kuliko yaliyopo kwa Kiswahili juu ya yale ambayo mwimbaji aliyasema.

Pengine itajibiwa kwamba kuliita kundi la Zawose bendi ni kulilazimisha katika kipimo cha kigeni. Pingamizi hilo lina uzito, lakini halitoshi. Lengo si kusema kwamba zeze limekuwa gitaa. Lengo ni kusema kwamba watu waliokaa pamoja kwa miongo kadhaa, wakatunga, wakarekodi na kurithishana kazi chini ya jina walilolichagua, wana haki ya kuandikiwa historia yenye majina na miaka. Kama neno bendi linabeba haki hiyo na neno kikundi haliibebi, basi ama neno la kwanza lipanuliwe au la pili lirekebishwe.

7. Baada ya mwaka 2003

Kundi lililojitegemea kwa ukoo lilikuwa na udhaifu wa ukoo. Bendi ya taasisi ikifiwa na mwimbaji huajiri mwingine. Kundi la Zawose lilifiwa na Hukwe mwishoni mwa mwaka 2003, na mwaka uliofuata likafiwa na Charles, ambaye wengi walimtazamia kuwa mrithi. Katika muda usiofika mwaka mmoja bendi ilikuwa imepoteza sauti zake mbili zilizojulikana zaidi, na familia ilikuwa imepoteza watu wake wawili. Mambo hayo mawili hayakuwa tofauti.

Hata hivyo kundi halikufa, na namna lilivyopona inathibitisha hoja ya mhadhara huu. Msafiri Zawose, mtoto wa Hukwe, aliunda bendi yake, akaunganisha ilimba na zeze na vyombo vya umeme, na mwaka 2017 akatoa albamu ya Uhamiaji kwa kampuni ya Soundway. Yeye anaitwa mwanamuziki na kundi lake linaitwa bendi, bila mabishano. Lakini alichokiongeza juu ya kazi ya baba yake ni nyaya za umeme. Utunzi, jina na uongozi vilikuwapo tangu zamani.

Badiliko kubwa zaidi lilitoka upande ambao haukutazamiwa. Katika mgawanyo wa kazi wa Kigogo, zeze na ilimba vilikuwa vya wanaume, na katika kundi la ukoo wanawake waliimba, walicheza na walipiga ngoma nyuma ya waume na kaka zao. Pendo Zawose, binti wa Hukwe, na Leah Zawose, mjukuu wake, walivishika vyombo hivyo na kuongoza. Wakijulikana kama The Zawose Queens, walitoa albamu ya Maisha mwaka 2024 kupitia Real World, kampuni ileile iliyotoa Chibite miaka 28 kabla. Kitu kinachoitwa cha asili, na kwa hiyo kudhaniwa kuwa hakibadiliki, kilikuwa kimebadilika katika jambo lake la msingi kabisa, yaani nani ana ruhusa ya kukishika chombo.

Ugogo wenyewe pia haukukaa kimya. Kedmon Mapana, mtaalamu wa muziki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambaye baadaye alikuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Sanaa la Taifa, alishiriki katika kuanzisha kituo cha sanaa na tamasha la muziki wa Kigogo huko Chamwino, karibu na mji wa Dodoma. Katika tamasha hilo makundi ya vijiji husimama kwa majina yao, yakishindana na kusikilizana. Wakati huohuo Dodoma, iliyoteuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, hatimaye imeipokea serikali kwa vitendo tangu mwaka 2016, na pamoja na watumishi wake wamekuja maelfu ya watu ambao lugha yao ya kila siku ni Kiswahili. Mtoto wa Kigogo anayekua leo katika mji huo anahitaji sababu ya kujifunza Chigogo. Kwa baadhi yao sababu hiyo ni wimbo.

8. Hitimisho

Historia ya kundi la Zawose inafundisha kwamba kujitegemea kwa msanii kuna ngazi zaidi ya moja. Kundi hili halikumiliki redio, kiwanda cha santuri wala ofisi za usambazaji. Lilimiliki vyombo, kwa kuwa wapigaji waliviunda. Lilimiliki wapigaji, kwa kuwa liliwazaa na kuwafundisha. Na lilimiliki lugha yake. Kwa mambo hayo matatu lilidumu wakati bendi nyingi zilizokuwa na mishahara na majengo zilipovunjika. Lisichoweza kukimiliki ni jina ambalo wengine walilipa, na jina hilo ndilo lililoamua wapi liwekwe katika kumbukumbu ya taifa.

Kazi inayofuata kutokana na hayo ni ya kawaida na inawezekana. Rekodi za Zawose na za wenzake zipo. Wasemaji wa Chigogo waliozisikia nyimbo hizo zikitungwa wapo, lakini wanapungua kila mwaka. Maneno ya nyimbo hizo yaandikwe kwa Chigogo sanifu chenye alama za toni, yatolewe tafsiri na ufafanuzi kwa Kiswahili, na kila wimbo uwekewe jina la aliyeutunga pale anapojulikana. Katalogi za redio na za maktaba zilizoandika ngoma ya Wagogo ziandikwe upya: nani aliimba, nani alipiga, wapi, mwaka gani. Wenye msafara wa zamani walijua kwamba hawawezi kunywa maji ya Ugogo pasipo kumtambua mwenye kisima. Wasomi wa Kiswahili, ambao nao wamenufaika na nchi hiyo kwa muda mrefu, hawana sababu ya kufanya pungufu ya hapo.